Udongo wa Kutupa

Siku dada yangu alipochanjwa, nilimwona mama mkwe wake akiinama chini ya meza ya muuguzi kama mtu aliyeangusha sarafu. Aliokota kitu chepesi, akakishika mbali na uso kwa kuwa macho yake hayaoni vya karibu, akakitazama, kisha akakifunga kwenye fundo la kitenge chake. Hakusema neno. Nami sikusema neno, ila tangu dakika ile sikuacha kulitazama lile fundo.

Dada yangu namwita yaya, kama sisi wa Lubumbashi tunavyomwita yeyote aliyetutangulia kuzaliwa. Ni mshonaji, ana cherehani kwenye kibanda cha soko la Kenya, mtaa wa hapahapa mjini, si ile nchi, na vitambaa vyake huvifuata Zambia, ng'ambo ya Kasumbalesa. Mwaka ule mpakani walianza kudai kadi ya chanjo. Yaya hana tabia ya kubishana na mpaka. Alikwenda kituo cha afya asubuhi, akakunja mkono wa blauzi, basi. Mama mkwe ndiye aliyeng'ang'ania kumsindikiza. Mwanawe yuko mgodini, alisema, na mke wa mtu hawezi kuchomwa dawa mume hayupo bila shahidi wa upande wa mume. Ndilo neno alilotumia: shahidi.

Mimi nilikuwa nikiishi kwao, Ruashi, katika nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu, yenye vyuma vilivyochomoza juu kungojea ghorofa ambayo itakuja siku moja. Shemeji anaendesha lori kubwa mgodini. Hukaa huko wiki kadhaa, akirudi hakai. Yaya hakupenda nyumba tupu, nami nilitafuta meza ya kuandikia riwaya yangu, riwaya ambayo kila mtu aliniuliza itatoka lini kana kwamba ni mimba. Swali lile mimi lilinichekesha. Yaya lilimchoma, kwa sababu yeye aliulizwa hivyohivyo, na yeye hakuulizwa kuhusu riwaya.

Alikuwa ameolewa kwa mwaka wa tatu. Kwetu mwanamke akishajifungua huitwa mama wa mtoto wake, na jina lake la utotoni hufifia kama rangi ya kitambaa kilichoanikwa juani. Mama mkwe alikuwa bado anamwita "mariée," bibi arusi, kama kwamba keki ya harusi iko mezani na wageni hawajaondoka. "Mariée, leta maji." "Mariée, fungua dirisha." Mwaka wa kwanza lilikuwa neno tamu. Mwaka wa tatu lilikuwa kidole kilichonyooshwa.

Juu ya hayo yote ulikuja ugonjwa ule uliofunga dunia. Mara ya kwanza mgodi ulipofunga geti lake na wafanyakazi wakabaki ndani kwa miezi, mama mkwe mwenyewe alisema miezi ile haihesabiwi, mtoto hapatikani kwa simu. Lakini mtaa ulikuwa unahesabu. Shule zilifungwa, na kabla hazijafunguliwa wasichana wawili watatu wa barabara yetu waliacha kuvaa sare, wakaanza kuvaa vitenge vipana. Jirani ambaye mumewe alikuwa amekatazwa kufungua baa yake alipata mapacha. Nyumba nyingine zilikaa kimya. Wanawake waliogopa kwenda hospitali wasije wakatoka na ugonjwa mwingine tofauti na ule walioendea, na mwenye kutafuta mtoto aliacha kutafuta, na mwenye kumkimbia mtoto alikosa dawa za kuzuia mimba. Ugonjwa ule haukuwahi kuingia kwenye kitanda cha mtu yeyote wa mtaa wetu, tulivyodhani, lakini uliwapangia wote nani azae na nani asizae.

Halafu uvumi. Barakoa zinakausha mbegu za wanaume. Chanjo inafunga kizazi ili Waafrika wapungue. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu. Mimi, msomaji wa vitabu, nilicheka. Lakini nilikuwa nikilitazama fundo la kitenge, na kicheko hakikunifika tumboni.

Mgodi ulifunga geti tena msimu uleule wa chanjo ya yaya. Safari hii shemeji alikaa ndani kupita kawaida, na aliporudi kola za mashati yake zilikuwa pana kuliko shingo. "Chakula ya kule haina muzuri," alisema. Tukamwamini. Yaya akampikia.

Hapa niseme jambo dogo ambalo katika nyumba ile halikuwa dogo. Shemeji alikuwa na mchezo wake. Akirudi kutoka kazini, kabla hajafungua geti, alisimama nje, akavuta hewa kwa pua, akapaza sauti: "Leo ni sombe na karanga!" Au: "Leo munanipikia mikebuka, msinifiche!" Hakuwahi kukosea. Wakati wa uchumba wao, yaya alikuwa akichanganya majani hayo ya sombe na samaki hao wa mikebuka makusudi ili ashindwe, na hakushindwa. Nadhani alimwoa kwa njia hiyo, kwa pua.

Baada ya ule mwezi mrefu wa mgodini, mchezo ulikoma. Alifungua geti kama mtu wa kawaida, akaketi, akamimina pilipili kwenye chakula, akala akiangalia ukuta. Yaya akamwuliza, "Hausemi leo ni nini?" Akajibu, "Nimechoka." Kesho yake vilevile.

Mimi ni mwandishi. Nikikuta kikombe mahali pasipo pake naona hadithi nzima. Nilijiambia: mwanamume aliyeacha kunusa chungu cha mkewe ana chungu kingine mahali. Kisha nikaanza kuona godoro. Kila asubuhi lilikuwa limekunjwa nyuma ya kochi la sebuleni, likiwa na shuka ndani yake. Shemeji alisema mgongo, lile lori linatikisa mgongo, kitanda ni laini mno. Yaya aliposikia neno "mgongo" aliinama kwenye nguo aliyokuwa akiitia pindo, akajichoma sindano kidoleni, akanyonya damu bila kuinua uso.

Sikumwuliza. Mambo ya chumba cha mkubwa wako hayaulizwi. Lakini nilinusa mashati yake kabla hayajafuliwa, nikitafuta manukato. Yalinuka dizeli na jasho. Hata hilo sikuliamini. Nilidhani ni mjanja.

Miezi ikapita. Mama mkwe alikuja mara nyingi zaidi, akamwangalia yaya kiunoni kabla ya kumwangalia usoni, akagusa fundo la kitenge kwa vidole kama mtu anayehakikisha ufunguo upo. Mwishowe akatuma habari kwa baba yetu: Jumapili, baada ya misa, wakubwa wakutane Ruashi kuzungumza kuhusu ndoa ya watoto wao. Kila mtu katika mji huu anajua maana ya mkutano kama huo. Mke atarudishwa kwao "apumzike." Akipumzika vya kutosha, mume anatafutiwa mwingine.

Yaya alishona gauni jipya kwa ajili ya siku ile. "Kama bananifukuza," alisema akikata uzi kwa meno, "basinifukuze na nguo ya zamani."

Baba alikuja kutoka Kenya nyuma ya pikipiki, na koti lake la reli, la tangu enzi za kazi, ingawa reli ilimstaafisha zamani na mama yetu aliyekuwa akilipiga pasi hayupo tena. Upande wao alikuja mama mkwe na baba mdogo wa shemeji, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani. Shemeji aliketi karibu na mlango wa jikoni. Yaya alikuwa ameinjika maharagwe kwenye mbabula, akaitwa aje aketi, akaja, akaacha mkaa ukiwaka.

Baba mdogo alifungua. "Siye hatukukuja kugombana. Tulikuja kuangalia. Nyumba muzuri, bibi muzuri, mwanaume iko na kazi. Sasa siye tunauliza: mutoto iko wapi?"

"Labda iko ku mupaka, ku douane," baba akasema, "banangojea papiers."

Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na nilitazamwa.

Ndipo mama mkwe alipofungua fundo. Alitoa ganda la sindano, karatasi upande mmoja na plastiki upande mwingine, limekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe, akaliweka juu ya meza kwa ncha za vidole kama mdudu aliyekwisha kufa lakini bado anachukiza.

"Soma," akaniambia. "Weye njo mutu ya bitabu. Soma bantu basikie."

Kulikuwa na maandishi madogo mengi, na neno moja kubwa la bluu.

"Stérile," nikasoma.

Baba mdogo akavuta pumzi. Mama mkwe akakaa nyuma, akakunja mikono, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Mama," nikasema, "hapa maana yake ni safi. Sindano haina vijidudu. Bila neno hilo mtu hawezi kuchomwa."

"Safi!" Akacheka kwa pua. "Baba ya huyu mutoto aliendesha lori ya mugodi mpaka alikufa. Akirudi namuuliza: leo ulibeba nini? Ananiambia: stérile. Ile stérile njo nini? Ananiambia: ni udongo ya kutupa. Inapasuliwa, inapakiwa, inapelekwa kule, inamwangwa. Shaba haiko ndani. Hakuna kintu itatoka mule ata ungoje mpaka Yesu arudie. Miaka yote ile nimelala na ile neno mu nyumba yangu, na weye leo unanifundisha ni safi?"

"Ni neno moja lenye maana mbili, mama."

"Mbili tu?" Aliinama mbele. "Mu kitabu yako ile kubwa ya Kifaransa, mwanamuke mwenye hazai banamwita nani?"

Nilitamani Kifaransa kiwe na haya. Nilitamani wale waliokitunga wangekuwa na maneno ya kutosha, wasilazimike kuazima neno moja kwa sindano, kwa mwamba na kwa tumbo la dada yangu.

"Sema," akasema. "Iko ao haiko?"

"Iko, mama."

"Aksanti."

Mimi niliyesoma kuliko wote nilikuwa nimetumiwa kama shahidi wa upande wa pili. Yaya alikuwa akiangalia magoti yake, yale mapindo madogo ya gauni jipya, na nilijua kwamba angeweza kusema sentensi moja tu kuhusu godoro la nyuma ya kochi na mkutano wote ungegeuka. Hakuisema. Alikuwa akiificha aibu ya mumewe mbele ya watu waliokuja kumvua nguo yeye.

Baba mdogo akakohoa. "Basi siye tunaona mariée arudie kidogo kwa baba yake. Apumuzike. Tutaona dawa. Weye," akamgeukia shemeji, "unasema nini?"

Shemeji alianza kusema. Alisema yeye hapingi wakubwa. Alisema maneno ya namna hiyo, ya kujificha, akiangalia mikono yake, na wakati anasema moshi mwembamba ulianza kutoka mlango wa jikoni, nyuma ya bega lake. Maharagwe yalikuwa yameshika chini. Baba alikunja pua. Baba mdogo akatoa leso. Mimi macho yalianza kuniwasha. Shemeji aliendelea kusema.

"Weye," mama yake akamkatiza, "inaungua."

"Nini inaungua?"

"Nini inaungua! Maharagi! Moshi iko inakuingia mu sikio!"

Akageuka, akaona moshi, akashtuka kama mtu aliyeguswa kwa nyuma. Ni kwa macho alijua. Wote tuliona kwamba ni kwa macho.

Sikuelewa mara moja. Bado nilikuwa natafuta manukato ya mwanamke. Yaya ndiye aliyeinua uso. Alimtazama pua, mdomo, kola ile pana, na nikaona miezi yote ikijipanga upya usoni mwake.

"Tangu lini husikii harufu?" akauliza.

"Yaya..." nikaanza.

"Nyamaza. Naongea na bwana yangu. Tangu lini?"

Alijibu chinichini. Tangu mgodini, wakati ule geti lilipofungwa tena. Alikuwa amelala na homa kambini, homa ya kuweweseka, wenzake wakimwagia maji, na hakumwambia daktari wa mgodi wala watu wa nyumbani kwa simu, kwa sababu dereva aliyeandikwa mgonjwa alisemekana haitwi tena mkataba ukiisha. Alipopona, harufu hazikurudi. Akadhani zitarudi. Wanaume wa kambini wakamwambia pua ni mwanzo tu. Ugonjwa ule ukipita kwa mwanaume unammaliza, hana mbegu tena, hana nguvu. Akarudi nyumbani. Mara ya kwanza mwili ulikuwa dhaifu, haukumtii. Akaamini wamesema kweli. Ya pili hakuthubutu. Akasema mgongo.

"Na hii?" Yaya alionyesha ganda la sindano kwa kidevu, hakuligusa. "Mama yako anazungusha hii mu kitenge yake, bantu banasema tumbo yangu imefungwa, na weye unajua?"

"Sikujua. Nilikuwa nawaza... labda yote mbili."

"Labda yote mbili," yaya akarudia, polepole, kama mtu anayeonja kitu kilichochacha.

Mama mkwe alimtazama mwanawe, akatazama ganda, akatazama mlango wa jikoni uliokuwa bado unatoa moshi. Kisha, kwa mkono uliozoea, akalikunja ganda tena, akalirudisha kwenye fundo. Hata sasa, nikawaza. Hata sasa hawezi kulitupa.

Yaya alisimama. Alikwenda jikoni akarudi na sufuria iliyoungua, kwa kuwa ilikuwa ya mama yetu, akaifunga kwenye taulo.

"Mulitaka nirudie kwetu," akasema. "Narudia. Lakini hamunifukuze. Najiendea mwenyewe. Na mwenye kunitaka, njia ya Kenya anaijua."

"Pikipiki bado iko inje," baba akasema, akavaa kofia. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana amefurahi.

Mimi nilifuata kwa miguu mpaka barabara kubwa, na daftari zangu mfukoni, nikijilaumu kwa kila shati nililonusa bure. Nilikuwa nimemshuku mtu sahihi kwa kosa lisilokuwepo.

Tulikaa kwa baba. Yaya alishona mchana, akasugua sufuria jioni kwa mchanga, na ule weusi wa chini haukutoka. Shemeji alipiga simu, yaya hakuzipokea. Ndipo shemeji alipotuma ujumbe kwa baba kwamba amepata siku ya kumwona daktari wa mambo hayo mjini, na anaomba mkewe ajue. Yaya alifikiri, kisha akanigeukia.

"Enda naye."

"Mimi? Nikafanye nini kwa daktari wa wanaume?"

"Shahidi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile mdomo wake ulicheza kidogo. "Wa upande wa muke."

Nilipofika hospitali, mama mkwe alikuwa ameshaketi kwenye benchi, na fundo lake. Tukaamkiana kama wajumbe wa nchi mbili. Shemeji aliingia ndani peke yake, akakaa sana, akatoka, akapelekwa kwanza kutolewa damu kwenye chumba chenye mlango wazi. Muuguzi alipopasua ganda la sindano, mama mkwe alisimama.

"Ngoja. Nipe nione."

Muuguzi, kijana mwenye haraka, akampa lile ganda. Alilishika mbali, akasogeza mkono mbele na nyuma mpaka herufi zikamtulia.

"Banaandika stérile," akasema.

"Ndiyo, mama. Lazima iandikwe."

"Na kama haiandikwe?"

"Basi siwezi kumuchoma mutoto yako. Ataambukizwa."

Alimtazama muuguzi kwa muda. Akamtazama mwanawe, mkono umenyooshwa, mshipa umetuna. Nilitegemea aseme kitu cha kunifurahisha mimi. "Muchome," aliamuru tu, akaketi, akalikunja ganda jipya kwa mikunjo ileile, akalifunga pamoja na la zamani. Sasa yalikuwa mawili: la mke na la mume. Sikujua kama ameamini au ameongeza mtuhumiwa.

Shemeji alitueleza maneno ya daktari akiwa ametazama ukuta, na aliyasema kwa Kifaransa, lugha ambayo kwetu hubeba mambo ya mwili bila kuona haya. Homa kali, daktari alisema, ya ugonjwa huu au mwingine, inaweza kupunguza mbegu za mwanaume, lakini mara nyingi hurudi baada ya miezi michache. Yake huenda zilisharudi zamani, vipimo vitasema. Pua ni jambo jingine, wengine hupona polepole. Chanjo ya mke haikujulikana kufunga kizazi cha mtu. Na kilichobaki, daktari alimwuliza swali moja: mke wake angepataje mimba na yeye amelala sebuleni?

Hapo shemeji alirudi kwenye Kiswahili. "Nilikuwa naogopa kuona kama ni kweli," alisema. "Nikaona muzuri nisione."

Mama yake aligonga ulimi. "Kumbe ni woga njo ilifunga. Haiko kizazi." Kisha, kwangu, kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeandika neno lile la bluu: "Na weye usiandike hii mambo."

Walikuja Kenya Jumamosi, mchana, wakati barabara imejaa watu na kwaya za makanisa matatu zinafanya mazoezi zikishindana. Kwa desturi mume anayemfuata mke aliyekasirika haji mikono mitupu. Shemeji alikuwa amebeba mfuko mkubwa wa samaki wabichi wa Kasenga, majani yamefunika juu. Alimkabidhi baba kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaanza hotuba aliyokuwa amejiandalia.

Baba aliupokea mfuko na papo hapo akaunyoosha mbali na mwili wake.

Samaki walikuwa wameoza. Nzi waliokuwa kwenye taka za jirani walitambua kabla yetu. Mtoto aliyekuwa akipita alisema "Eeeh!" akakimbia. Mama mkwe alifunika pua kwa ncha ya kitenge. "Nilitangulia ku pikipiki ya mbele," alilalamika, "sikuwa naye ku soko! Angenionyesha!" Na shemeji katikati ya ua, na shati lake jeupe, anaendelea kuomba msamaha kwa sauti ya unyenyekevu, hajui, akidhani ukimya wetu ni ugumu wa mioyo.

Yaya alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akijitahidi. Alibana midomo, akatazama juu kwenye bati, akashika fremu ya mlango. Kisha kicheko kikamshinda, kikubwa, kicheko cha zamani cha wakati alipokuwa akichanganya majani na samaki ili mtu ashindwe kubahatisha.

"Bwana," akasema akijipangusa macho, "leo unanipikia nini?"

Shemeji akaukumbuka ule mchezo. Akavuta hewa kwa nguvu, kwa matumaini yote, mbele ya watu wote. Hakuna kitu. Akatikisa kichwa.

"Sijui," akasema. "Niambie weye."

Mama mkwe alikuwa amebaki kando, peke yake, na lile fundo. Alisogea mpaka mbele ya mlango. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

"Mama," akamwambia yaya. Si mariée. "Mama, rudia nyumbani. Pale nyumbani hakuna mutu anajua kupika tena."

Samaki tuliwafukia nyuma ya choo. Yaya hakurudi siku ile, wala ile iliyofuata; aliwafanya waje tena, na wakaja, na safari ya pili walileta kuku hai, ambaye hata asiye na pua angejua ni mzima.

Hayo ni ya zamani kidogo. Sasa nimerudi kwa baba na meza yangu, na Ruashi nakwenda kutembea. Godoro la nyuma ya kochi wamempa mlinzi wa jirani. Pua ya shemeji inarudi kwa vipandevipande. Anasikia kitunguu, kahawa, na mvua, lakini si samaki, na samaki ananunua yaya. Hakuna anayetaja mtoto. Wamechoka kutaja, au wanaogopa kulitisha jambo kwa kulitaja.

Jumapili iliyopita tuliketi uani watatu, yaya, mama mkwe na mimi, tukichambua matembele. Yaya alikuwa anatafuna kitu. Nilidhani karanga. Mfukoni mwa aproni yake alikuwa na vipande vya udongo mweupe, ule unaouzwa sokoni kando ya chumvi, ule ambao wanawake huutafuna wakati fulani wa maisha yao na si wakati mwingine. Alimega, akatafuna, akaendelea na majani kama kwamba hakuna lililotokea. Nikamtazama kiunoni. Nikaona aibu. Nikamtazama tena.

Kipande kidogo kilimponyoka, kikaanguka vumbini. Mama mkwe aliinama kama mtu aliyeangusha sarafu. Alikiokota, akakishika mbali na uso, akakitazama sana. Kisha akalifungua fundo la kitenge chake, akakiweka ndani, akalikaza. Hakusema neno. Macho yetu yakakutana juu ya kapu la matembele, nami pia sikusema neno.